Mwendo wa Aliye Nyuma

Wasomaji wetu wengi wanakijua kitabu kiitwacho Safari ya Msafiri. Wengine walikisoma shuleni, wengine walisomewa na baba zao jioni penye taa, na wengine walikisikia kanisani tu, mhubiri alipotwaa mfano wa mtu mwenye mzigo mgongoni. Ukiitoa Biblia, ni vitabu vichache vya Kikristo vilivyosafiri mbali kama hiki. Kimefasiriwa kwa lugha nyingi za dunia, na katika hizo lugha za Afrika peke yake ni kama 80; nasi tunacho kwa Kiswahili tangu karne ya 19. Si ajabu basi kwamba watu wake wamekuwa kama jirani zetu.

Walakini kitabu hiki kina sehemu mbili, na watu husoma moja. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Ya kwanza mara nyingi huchapishwa peke yake, na hata zikiwapo zote mbili, msomaji akiisha kufika pamoja na Mkristo kwenye Mji wa Mbinguni hufunga kitabu, akidhani safari imekwisha. Makala hii twaiandika kwa ajili ya hiyo sehemu ya pili. Twataka kuipima jinsi kazi ya mwandishi inavyopasa kupimwa, uzuri wake na upungufu wake. Tena twataka kuonyesha kwamba ndani yake mna neno ambalo makanisa yetu ya vijijini yanalihitaji sana, nalo ni hili: neema katika kusanyiko hujulikana kwa jinsi watu wanavyomngoja yule aliye nyuma.

Kwanza na tumkumbuke mwandishi. John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford huko Uingereza. Kazi yake, kama ile ya baba yake, ilikuwa kuziba vyungu na masufuria ya watu yaliyotoboka, wala hakuwa mtu wa elimu nyingi. Mwaka 1660 alikamatwa akatiwa gerezani kwa sababu alihubiri bila ruhusa ya serikali, akakaa humo kama miaka 12. Mkewe na watoto wake, na mmoja wao alikuwa kipofu, wakabaki nje wakihangaika. Mwaka 1666, angali mfungwa, alitoa kitabu cha kusimulia habari za moyo wake mwenyewe: jinsi alivyokaa muda mrefu akiogopa kwamba Mungu amekwisha kumkataa, leo akipata faraja na kesho akiipoteza. Asomaye kitabu hicho haoni shujaa. Aona mtu atetemekaye. Habari hii na tuiweke moyoni, maana tutaihitaji mbele.

Sehemu ya kwanza ya Safari ni kazi kubwa, wala hatutaki kuipunguzia sifa. Maneno yake ni machache na yenye nguvu. Mkristo asikia kwamba mji wake utaangamizwa. Atoka mbio, vidole masikioni, asije akawasikia wanaomwita arudi. Msomaji hukimbia pamoja naye mpaka mwisho. Lakini tazameni namna ya safari yenyewe. Mkewe na watoto wabaki nyumbani. Njiani apata mwenzi mmoja, na huyo akiisha kuuawa apata mwingine, kundi hapati. Wengi wa wale wengine anaokutana nao ni watu wa kupimwa na kuachwa: huyu amegeuka nyuma kwa sababu ya tope, huyu ameruka ukuta badala ya kupita mlangoni, huyu ni mwingi wa maneno, vitendo hana. Msomaji hujifunza upesi kumjua mtu kwa jina lake na kumpita.

Hapo ndipo ilipo hatari. Sisi walimu tumewasikia wanafunzi wakitoka darasani wakiitana Geugeu na Maneno-Mengi, wakicheka. Watu wazima nao hufanya vivyo hivyo kanisani, ila wao hawacheki. Twajua ya kuwa Bunyan hakukusudia hivyo; aliandika majina yale ili kila mtu ajichungulie nafsi yake. Lakini kitabu chenye mtu mmoja akimbiaye humfanya kila msomaji ajione kuwa ndiye huyo mmoja, na jirani zake kuwa ndio wale waangukao.

Miaka 6 baadaye mwandishi alirudi kwenye njia ile ile, na mwendo ukawa mwingine. Safari hii atokaye ni Kristiana, mke wa Mkristo, yule aliyeachwa nyumbani. Atoka na wanawe wanne, na pamoja nao msichana jirani, Rehema. Kristiana alipokea barua ya kuitwa. Rehema hakupokea barua yo yote, bali alifuata kwa sababu ya kumpenda Kristiana, naye aogopa sana kwamba mlangoni ataambiwa hakualikwa. Akapokewa. Kisha wapewa kiongozi, mtu mwenye upanga, ambaye sisi hapa tutamwita Moyo Mkuu. Na kadiri wanavyokwenda kundi laongezeka, na wengi wa wanaoongezwa ni watu dhaifu.

Mabadiliko haya yametoka wapi? Twadhani yametoka katika kazi ya mwandishi. Sehemu ya kwanza, kama wataalamu wengi wanavyoona, aliianza gerezani. Alipoandika ya pili alikuwa amekwisha kuwa mchungaji wa kusanyiko la Bedford miaka 12, tangu mwaka 1672. Mtu akiwa peke yake na nafsi yake huona safari ya mtu mmoja. Akiisha kukaa na wagonjwa, na wajane, na wagombanao, na wale wanaokuja usiku kuuliza kama kweli wamesamehewa, huona safari ya watu wengi.

Hata kusanyiko lenyewe lilikuwa na historia ya kumfundisha. Lilianza mwaka 1650, na mchungaji wake wa kwanza, John Gifford, zamani alikuwa askari wa mfalme katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, tena mlevi na mcheza kamari. Alipokuwa karibu kufa, mwaka 1655, aliwaandikia washirika wake barua akiwasihi wasitengane kwa ajili ya mambo ya nje, kama vile ubatizo. Bunyan aliushika wosia huo. Mwaka 1673 alitoa kitabu kidogo akiwajibu Wabaptisti waliomlaumu, akishindana nao kwamba watu wasiokubaliana juu ya ubatizo wa maji wasinyimane Meza ya Bwana kwa sababu hiyo. Basi aliyeandika habari za kuwangoja dhaifu hakuwa mtu wa kuota ndoto tu. Alikuwa amekwisha kulaumiwa kwa neno hilo.

Sasa na tuje kwa watu wenyewe, tuanze na yule ambaye twaona ndiye bora kuliko wote katika kitabu, Bwana Hofu. Yeye haonekani njiani. Habari zake zasimuliwa na Moyo Mkuu kwa mzee mmoja wakiwa wanatembea. Bwana Hofu alifika kwenye lile tope la kuvunjika moyo akalala kando yake zaidi ya mwezi. Aliwaona wengine wakipita, na wengi walimpa mkono, asithubutu. Lakini kurudi nyuma nako hakutaka. Asubuhi moja ya jua akavuka, asijue amevukaje. Moyo Mkuu asema kwamba mtu huyu alikuwa na tope lake ndani ya nafsi, akalichukua kila aendako. Alipofika mlangoni alisimama muda mrefu asibishe; mlango ulipofunguliwa kwa wengine alirudi nyuma, akawapisha, akisema yeye hastahili. Hatimaye akagonga kidogo tu, na mwenye mlango akatoka nje kumfuata.

Kisha akafika kwenye nyumba ya Mfasiri. Usiku ulikuwa mrefu na wa baridi, naye akazungukazunguka nje. Kifuani alikuwa na barua ya kumwombea apewe makao na kiongozi shujaa, lakini hakuthubutu kuita. Ndipo Moyo Mkuu akatazama dirishani, akamwona mtu yu pale nje mlangoni, akatoka akamwuliza yeye ni nani. Maskini, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Twawaomba wasomaji wasipite hapa haraka. Mwandishi ametuonyesha mambo mawili kwa picha moja. La kwanza, kwamba mtu aweza kuwa na haki yote ya kuingia, barua i kifuani mwake, na bado akafa kwa baridi nje ya nyumba aliyoandaliwa. La pili, kwamba aliyemwokoa si mtu aliyefungua mlango baada ya kuitwa, bali ni mtu aliyetazama dirishani kabla ya kuitwa.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Kwa miaka kadhaa tulipewa kazi ya kufundisha darasa la ubatizo katika kijiji kimoja. Darasani alikuwamo bibi mmoja, mzee, asiyejua kusoma. Vijana waliyashika majibu ya Katekisimo kwa miezi michache; yeye aliyasikia leo, na kesho yametoka. Tulimwuliza mbele ya wenziwe, akanyamaza. Mwaka wa kwanza tukamwambia angoje. Mwaka wa pili tukamwambia angoje. Mwaka wa tatu hakuja, nasi tukaandika katika daftari kwamba ameacha. Twakiri kwamba hatukuhuzunika sana. Darasa lilikwenda upesi zaidi.

Jioni moja tulikuwa tukisoma na vijana habari hii ya Bwana Hofu. Kijana mmoja akasema, pasipo nia mbaya, “Mwalimu, huyu ni kama yule bibi wa nyuma ya ukuta.” Tukamwuliza, bibi gani? Vijana wakatazamana. Kumbe kila Jumapili alikuwa akija, akiketi nje chini ya dirisha la nyuma, akisikiliza nyimbo na mahubiri, na watu wakianza kutoka huondoka kwa njia ya mashambani. Watoto wote walijua. Mwalimu peke yake ndiye asiyejua. Jumapili iliyofuata tulizunguka nyuma ya kanisa kabla ya kengele ya pili. Tukamwamkia, tukasema, “Bibi, karibu ndani.” Akajibu, “Marahaba, mwanangu. Majibu bado hayajanikaa. Nikikaa hapa siharibu hesabu ya darasa lako.”

Neno hilo hatujalisahau. Sisi tulidhani tunalinda heshima ya ubatizo, na yeye alidhani anailinda hesabu yetu. Baina yetu na yeye palikuwa na ukuta wa udongo tu, na ukuta huo aliujenga mwalimu.

Tukirudi kitabuni, habari za Bwana Hofu haziishii nyumbani kwa Mfasiri. Moyo Mkuu alisafiri naye, akamwona jinsi alivyo. Kilima cha Shida hakikumtisha, wala simba; hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mwisho hatapokewa. Alipofika katika Bonde la Unyenyekevu, mahali ambapo wengine hujikwaa, yeye alishuka kwa furaha, akalala chini akaikumbatia ardhi na kuyabusu maua. Alipofika penye Soko la Ubatili, huyo huyo mwoga alikuwa tayari kupigana na watu wote wa soko kwa ajili ya upumbavu wao. Hapa mwandishi amekuwa fundi kweli kweli. Hakumfanya mtu dhaifu kuwa dhaifu kila mahali. Ametuonyesha kwamba anayetetemeka mlangoni aweza kuwa hodari kuliko sisi mahali pengine, nasi hatutaujua uhodari wake kamwe ikiwa tumemwacha mlangoni.

Baada ya huyu waja wengine wawili. Mmoja tutamwita Moyo Mnyonge. Moyo Mkuu alimwokoa mikononi mwa jitu lililotaka kumla. Kundi zima lilipumzika katika nyumba ya Gayo, na siku ya kuondoka Moyo Mnyonge akachelewachelewa mlangoni. Walipomwuliza sababu, akasema, kwa maana yake, kwamba wao ni wenye nguvu na yeye ni mnyonge. Heri awafuate nyuma peke yake asiwe mzigo kwao. Tena akaungama kwamba yeye ni mtu wa kukwazika: hapendi vicheko, hapendi mavazi ya kupendeza, hapendi maswali ya kushindana, na mambo ambayo wengine wana uhuru wa kuyafanya yeye humwumiza moyo.

Ni nani kati yetu asiyemjua mshirika wa namna hiyo? Huyu si mnyonge wa kupendeza. Ni yule anayeuliza kwa nini kwaya imeimba wimbo ule, na kwa nini mke wa mzee amevaa kitambaa kile. Moyo Mkuu angeweza kumjibu kwamba kundi haliwezi kuendeshwa na mtu mmoja. Hakusema hivyo. Alimwambia ya kwamba ameagizwa kuwafariji walio wanyonge na kuwategemeza walio dhaifu. Kwamba watamngoja, na kumsaidia. Kwamba watajinyima baadhi ya mambo, ya mawazo na ya vitendo, kwa ajili yake. Wala hawatashindana mbele yake juu ya mambo yenye mashaka. Wakati huo huo akatokea Bwana Chechemea na magongo yake, na Moyo Mnyonge akafurahi kupata mwenzi wa mwendo wake. Ndipo wakaondoka, Moyo Mkuu na yule mzee mbele, Kristiana na watoto katikati, na wale wawili nyuma.

Hili ndilo neno tulilolitaja mwanzo. Wazee wetu waliotembea kwa miguu waliujua mpango huu. Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi mbele, mwenye kuionyesha njia, na wanyapara nyuma, maana aliyechoka akiachwa huko msituni hakuna wa kumrudia. Msafara uliofika upesi na kuacha watu njiani haukusifiwa kwa upesi wake. Kadhalika kanisa. Ni rahisi kusema mlangoni, “Karibuni nyote.” Maneno ya mlangoni hayana gharama. Gharama ni njiani, pale wenye nguvu wanapopunguza hatua zao. Katika kitabu hiki mnyonge haambiwi kwanza apate nguvu ndipo awe mmoja wao. Wenye nguvu ndio wanaoambiwa waache kitu. Na hapo twatambua kwamba neema, katika kusanyiko, haikai katika midomo bali katika miguu.

Tena hao wanyonge hawakuwa wa kuhurumiwa tu. Moyo Mkuu na wenzake walipokwenda kulipiga jitu Kata-Tamaa, waliwaacha wanawake njiani, na walinzi waliowekwa ni Moyo Mnyonge na Chechemea. Msomaji hutabasamu, na twadhani mwandishi naye alitabasamu. Lakini hata hivyo wamepewa kazi. Jitu likauawa, na ngome yake, Ngome ya Mashaka, ikabomolewa kwa siku saba. Ndani wakawakuta watu wawili karibu kufa kwa njaa, Bwana Majonzi na binti yake Woga-Mwingi. Ndipo pakawa na ngoma. Kristiana na Rehema wakapiga vinanda, na Chechemea akamshika mkono Woga-Mwingi wakacheza njiani. Hakuweza kucheza bila gongo moja mkononi. Lakini, asema mwandishi, alicheza vizuri. Sisi tumesoma mahubiri mengi juu ya furaha ya waliookolewa, na machache yametugusa kama gongo hilo.

Sasa twasikia mzee wa kanisa akiuliza, na swali lake ni la haki: je, hivi hatutaliharibu kanisa? Ikiwa kila mtu aingojewe, ni nani atakayefika? Tukimkaribisha mlevi, na aliyemwacha mkewe, na asiyejua Katekisimo, watoto wetu watajifunza nini? Hatupendi kulipuza swali hili. Kusanyiko la Bedford lenyewe lilikuwa na daftari lake, na ndani ya daftari hilo yameandikwa maonyo kwa washirika, na kutengwa kwa baadhi yao. Bunyan hakufundisha kwamba dhambi si kitu. Katika sehemu hii hii ya pili wasafiri wawakuta wanaume wawili wamelala usingizi katika nchi yenye uchawi. Wawatikisa, wao wajibu kwa maneno ya ndotoni, na kundi lapita likawaacha. Na mwisho wa sehemu ya kwanza, kijana aitwaye Ujinga azuiliwa kwenye lango lenyewe.

Lakini tazameni tofauti. Ujinga hakuwa dhaifu. Alijiona mzima, akakataa kila neno aliloambiwa. Bwana Hofu alijiona hafai kabisa. Yule wa kwanza hakutaka kusaidiwa, na huyu hakuthubutu kuomba msaada. Kosa letu mara nyingi ni kwamba twawapima watu hawa wawili kwa kipimo kimoja, yaani kwa sura ya nje, na kwa kuwa Ujinga hutembea wima na kujibu upesi, twamweka kiti cha mbele. Tena Moyo Mkuu ni mkali sana, ila ukali wake wote ni kwa majitu. Hatukumwona hata mara moja akimwinulia mnyonge upanga. Kiongozi ambaye huwaogopa majitu huwa mkali kwa wachechemeao.

Pamoja na hayo, kitabu kina upungufu wake, na si vema tuufiche. Mazungumzo katika nyumba ya Gayo ni marefu, na mafumbo yao yachosha. Majitu yauawa kwa urahisi mno, kiasi kwamba msomaji haogopi kama alivyoogopa pamoja na Mkristo. Wengi wamesema ya kwamba sehemu ya pili haina nguvu kama ya kwanza, na kwa habari ya nguvu ya hadithi hatuwezi kuwapinga.

Upungufu mkubwa zaidi ni huu: karibu dhaifu wote wa sehemu hii ni dhaifu kwa hofu tu, si kwa aibu. Wanatetemeka, wanachechemea, wanalia. Lakini hatumwoni aliyeiba fedha za sadaka akirudi, wala msichana aliyezaa kabla ya ndoa, wala mume aliyempiga mkewe na sasa anajuta. Hao ndio wanaokaa nyuma ya kuta zetu. Kumngoja mwoga ni jambo jepesi. Kumngoja aliyetuaibisha ni gumu. Twadhani Bunyan angetujibu kwa kutupeleka kwenye sehemu ya kwanza tuisome upya. Nani aliyeiacha njia akafuata ile ya kando kwa kuwa ilikuwa laini? Ni Mkristo. Nani aliyemwongoza mwenzi wake mpaka wakatupwa katika Ngome ya Mashaka? Ni Mkristo yule yule. Naye alipokewa. Msomaji anayejiona kuwa Mkristo ajione hapo pia. Na mchungaji wa kwanza wa Bedford, yule mlevi wa zamani, angetujibu kwa maisha yake. Hata hivyo twasikitika kwamba mwandishi hakutuandikia mtu wa namna hiyo katika kundi la Moyo Mkuu, akitembea nyuma pamoja na Chechemea.

Yule bibi tuliyemtaja aliingia ndani Jumapili ile, akaketi karibu na mlango. Mchungaji alipokuja kuwahoji wanafunzi tulimweleza habari zake zote, pamoja na kosa letu. Hakumwuliza swali la kitabu. Alimwuliza kwa nini amekuja. Bibi akasema aliitwa, naye hana pengine pa kwenda. Alibatizwa pamoja na vijana. Mzee mmoja alinung'unika kwamba sasa wengine watakataa kujifunza. Haikuwa hivyo. Darasa lililofuata vijana wawili walijitolea kuketi na wazee na kuwarudishia maneno polepole, na kazi hiyo inaendelea. Majibu yote ya Katekisimo bibi hajayajua hata leo.

Mwisho wa kitabu ni mtoni, mto usio na daraja, na kila mmoja aitwa kwa zamu yake. Wanaokumbuka sehemu ya kwanza watakumbuka kwamba Mkristo, msafiri hodari, alikaribia kuzama humo kwa hofu, na mwenzi wake akamwinua kichwa juu ya maji. Bwana Hofu je? Siku aliyoitwa yeye, maji ya mto yalikuwa yamepungua kuliko wakati wo wote, akavuka akilowa nyayo tu, au zaidi kidogo. Chechemea aliitwa, akamwachia mwanawe magongo yake, akimtakia mema kuliko yaliyompata yeye. Bwana Majonzi akavuka, na Woga-Mwingi akaingia majini akiimba. Lakini waliosimama ukingoni hawakuweza kuyafahamu maneno yake.

Mwandishi hakutuambia aliimba nini, na amefanya vema. Kuna watu katika makanisa yetu ambao wimbo wao hatutaufahamu tukiwa huku. Kazi yetu si kuufahamu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wamefika mtoni pamoja nasi, wala hawakuachwa njiani kwa sababu ya haraka yetu. Basi, ndugu wasomaji, Jumapili ijayo, kabla ya kengele ya pili, mmoja wetu na azunguke nyuma ya ukuta akatazame.